Maji Yakijaa Hupwa: Somo Kutoka Kisiwa cha Kisite

Methali "Maji yakijaa hupwa" twaijua sote. Twaitia katika insha tukapata alama. Lakini kwetu Gatongora maji yakijaa ni mto umefurika, na hakuna ajuaye utashuka lini. Ni mpaka mvua ikome. Aliyeitunga methali hii hakuwaza mto. Aliwaza bahari.

Likizo ya Agosti mjomba alinipeleka Shimoni, kusini mwa Mombasa, karibu na mpaka wa Tanzania. Hapo tulipanda mashua ya injini kwenda Kisite, kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe kisichokaliwa na mtu. Jirani zake ni Mpunguti ya Juu, Mpunguti ya Chini na Liwe la Jahazi. (Litamke polepole: liwe na jiwe ni ndugu!)

Kabla ya kung'oa nanga, nahodha alihesabu siku za mwezi. "Mwezi mpevu ulikuwa juzi," akasema. "Leo bado bamvua." Nikamwuliza maana, naye akanifunza:

1. Kupwa na kujaa: Kwa kawaida maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku. Toka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache. Kila siku huchelewa dakika 50 hivi. Yakipwa leo saa nne asubuhi, kesho ni saa tano kasoro dakika kumi.

2. Bamvua: Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Tofauti yaweza kupita mita 3.

3. Maji mafu: Mwezi ukiwa nusu, hayapandi sana wala hayashuki sana.

Kisite hakuna kijiji, duka wala kisima. Ukiachwa huko, utabisha mlango wa nani? Kwa hivyo nahodha alipoita, "Haya wanangu, chomboni! Maji yanajaa," hakuna aliyesema ngoja kidogo.

Kisiwa chenyewe hatukukikanyaga. Msimu huo buabua, ndege weupe wa bahari, hutaga mayai chini mwambani. Matumbawe nayo hayakanyagwi, kwani ni viumbe hai. Mwaka 1998 joto la bahari lilipopanda, mengi ya pwani yetu yalipauka yakafa. Askari wa KWS hulinda hifadhi hiyo.

Basi, wenzangu, tazameni sarufi. Neno "pwani" latokana na kupwa. Na methali haisemi maji "huenda yakapwa". Yasema "hupwa", kwa hu- ya mazoea, jambo lisilokosa. Ukimwambia methali hii rafiki aliye taabuni, humtakii bahati. Unampa hakika, kama nahodha ajuaye saa.

Kiswahili kitukuzwe!