SOMO LA MITAMBO: FITINGI ISIYOVUJISHA MAFUTA

Ndugu Wanachama,

Msimu wa karafuu uliopita mwenzetu mmoja alileta tela lake la kuinuka, linalovutwa na trekta, ili amwage makonyo kando ya sakafu ya kuanikia. Tela lilipoinuka, mafuta yalichuruzika penye kiungo cha mpira yakaingia katika karafuu zilizokwisha kukauka nusu. Akatwaa spana akakaza nati. Kesho yake ikavuja zaidi; akakaza tena, nati ikapasuka. Na nani atanunua karafuu inayonuka mafuta ya mashine? Khasara ile ndiyo iliyonifanya niandike somo hili.

Kwanza tujue nguvu tunayopambana nayo. Katika matrekta mengi mafuta ya kuinulia husukumwa kwa bar 150 mpaka 200. Bar 200 ni sawa na ratili 2,900 juu ya kila inchi moja ya mraba. Kwa hiyo fitingi ya bomba la maji, hata ikiingia na kukaza vizuri, msiitie kamwe.

Pili, kabla ya kununua fitingi jiulizeni: hii huzuia mafuta mahali gani? Majawabu ni matatu.

1. Huzuia katika hesi. Hesi yake imechongoka, yaani ni nyembamba zaidi mwishoni, na hutaka tepu au dawa ya kuzibia. Aina hii hulegea upesi kwa mtikisiko wa njia zetu za mashamba.

2. Huzuia katika koni, chuma juu ya chuma. Mfano ni ile iitwayo JIC, yenye koni ya digrii 37. Hapa kazi ya hesi ni kuvuta tu. Tepu haisaidii kitu, na vipande vyake vikikatika huingia katika mafuta na kuziba valvu. Koni ikiwa na mkwaruzo, badilisheni fitingi.

3. Huzuia kwa pete ya mpira, ambayo mafundi huiita oringi. Pete hukaa chini ya hesi iliyonyooka, au katika uso bapa wa fitingi. Hii ndiyo inayostahimili mtikisiko kuliko zote, nami nawashauri muichague kila panapowezekana. Mkiifungua, tieni pete mpya.

Tatu, jihadharini na fitingi zinazofanana. Hesi ya Kiingereza, BSP, na ya Kimarekani, NPT, katika kipimo cha nusu inchi zote zina mizunguko 14 kwa kila inchi. Kwa hiyo moja huingia ndani ya nyingine, na mtu hudhani amepata. Lakini meno ya BSP yamekatwa kwa digrii 55 na ya NPT kwa digrii 60. Hayakai pamoja, na mafuta hupata njia. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika tela la mwenzetu. Nendeni dukani na fitingi ya zamani mkononi, na fundi aipime hesi kwa kipimo chake.

Nne, si kila mpira unafaa. Pete za breki nyingi hutengenezwa kwa mpira unaovimba na kuharibika ukikutana na mafuta ya trekta. Takeni pete za mpira wa naitrili.

Tano, wakati wa kukaza shikeni spana mbili, moja ya kuzuia na moja ya kuzungusha, ili mpira usijipinde.

Mwisho ni jambo kubwa kuliko karafuu. Msitafute tundu la mafuta kwa kidole. Mafuta yanayotoka katika tundu dogo kama la sindano hupenya ngozi, hata kwenye glovu. Tumieni kipande cha kadibodi. Na kabla ya kufungua kiungo chochote, shusheni tela, zimeni injini, kisha chezesheni mkono wa valvu ili nguvu iishe. Aliyepenywa na mafuta apelekwe hospitali saa ile ile, ijapokuwa jeraha ni nukta tu na halimuumi. Akingoja huenda akapoteza kidole au mkono.

Karafuu ya msimu huu ikiharibika, mikarafuu itazaa tena Inshallah. Mkono ukikatwa hauoti. Basi kagueni matela yenu sasa, kabla ya uchumaji kuanza.

Wassalaam,
Katibu wenu