Ngozi Inapokakamaa: Ufahamu Ugonjwa wa Skleroderma

Kuna ugonjwa ambao mara nyingi huanzia vidoleni. Vidole huvimba, kisha ngozi hukaza na kung'aa kama iliyopakwa nta. Baada ya muda mtu hawezi kukunja ngumi, kushika mpini wa jembe humshinda, kukamua ng'ombe huwa kazi, na akikutanisha viganja vyake havigusani. Mdomo nao hupungua, hata tonge la ugali lazima limegwe dogo. Ugonjwa huu huitwa skleroderma, jina la Kigiriki lenye maana ya ngozi ngumu. Siku yake duniani ni tarehe 29 Juni.

Ni ugonjwa wa nadra, kwa hivyo mkazi wa Chewele au Garsen anaweza kuzunguka sana kabla ya kuambiwa anaugua nini. Majirani watasema ni ukoma, wengine watasema amerogwa. Si ukoma. Baka la ukoma hupoteza hisia, ukiligusa kwa pamba mgonjwa hana habari; ngozi ya skleroderma ni ngumu lakini inahisi. Wala hauambukizi: mgonjwa mle naye sahani moja bila wasiwasi. Kinachotokea ni kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inaugeukia mwili wenyewe. Mishipa midogo ya damu huumia, na mwili hutengeneza kovu kupita kiasi, juu ya ngozi na ndani. Wanawake huugua zaidi ya wanaume, hasa kati ya umri wa miaka 30 na 50.

Dalili ya mapema zaidi husahaulika kwa urahisi katika kaunti yenye joto kama yetu. Vidole vikipatwa na baridi hufa ganzi, hupauka, kisha huwaka na kuuma damu inaporudi. Daktari Mfaransa Maurice Raynaud aliieleza hali hiyo mwaka 1862, na bado inaitwa kwa jina lake. Kwenye ngozi nyeusi rangi haibadiliki waziwazi, basi tazama ncha za vidole na chini ya kucha. Angalia hasa unaposhika soda ya friji au maji ya alfajiri mwezi wa Julai. Si kila mwenye vidole vya namna hiyo ana skleroderma, lakini vikiambatana na uvimbe au vidonda kwenye ncha, nenda ukapimwe. Wengine hutokewa na madoadoa meupe kifuani na shingoni, kama chumvi iliyochanganywa na pilipili manga.

Ngozi ndiyo inayoonekana, ila hatari kubwa iko ndani. Koo la chakula hulegea, mgonjwa akasumbuliwa na kiungulia na chakula kukwama. Mapafu yakipata kovu, huja kikohozi kikavu na kuishiwa pumzi kwa mwendo mfupi. Matatizo ya mapafu ndiyo yanayoua wagonjwa wengi zaidi siku hizi.

Zamani figo ndizo zilizokuwa zikiongoza. Presha hupanda ghafla, kichwa kikauma sana, macho yakaona ukungu, mkojo ukapungua, na figo zinaweza kufa ndani ya siku chache. Dawa za kundi la captopril, zilizoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1970, zimeokoa wengi, mradi zianzwe mapema. Hapa ndipo zahanati ndogo ina kazi kubwa kuliko mashine yoyote ya Nairobi, kwa sababu kipimo kinachohitajika ni cha presha tu. Mgonjwa ambaye ngozi yake inakaza kwa kasi apimwe mara kwa mara, hasa miaka mitano ya kwanza, na aandike namba zake kwenye daftari. Ikivuka 140/90 ilhali haikuwa hivyo, au ikipanda ghafla kwa 30 kutoka namba ya juu aliyoizoea, ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Kwa sababu hiyo hiyo, tusinunue prednisolone dukani kwa ajili ya maumivu ya viungo. Kwa mgonjwa wa skleroderma, vipimo vikubwa vya dawa hiyo vinaweza kuchochea hatari ya figo. Na aliyekwisha kuandikiwa asiache ghafla; amuone daktari.

Dawa ya kuuondoa ugonjwa wote haijapatikana, lakini kila kiungo kina tiba yake. Nifedipine hufungua mishipa ya vidole, omeprazole hutuliza kiungulia, na mycophenolate au methotrexate huituliza kinga ya mwili. Nyumbani, mgonjwa ajikinge na baridi, aache sigara, anyooshe vidole na kupanua mdomo kila siku, na ngozi aipake mafuta. Mwanamke mwenye mimba au anayepanga kuzaa amwambie daktari mapema, kwani mycophenolate, methotrexate na captopril humdhuru mtoto tumboni.

Anza zahanati iliyo karibu, kisha uombe barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Hola. Vipimo vya mapafu, moyo na damu ya kinga vinaweza kukufikisha Mombasa au Nairobi, waliko wengi wa madaktari bingwa wa maradhi ya viungo. Kabla ya safari hiyo jisajili na SHA kwa kubonyeza *147#, na lile daftari la presha usiliache nyumbani.