Je, Yafaa Mtu Kupimwa Damu kwa Nguvu?

Katika darsa iliyopita tuliulizwa na mmoja katika ndugu zetu walio watumishi wa hospitali: muuguzi au askari akirushiwa damu machoni, au akiumwa mpaka ngozi ikachanika, je, yafaa aliyemtenda hayo atolewe damu kwa nguvu ipimwe, ili aliyedhurika ajue yaliyomfika? Suala hili ni zito, wala hatukupenda kulijibu kwa haraka.

Ziko nchi zilizokwisha kulitungia sheria. Jimbo la Ontario huko Kanada lilipitisha yake mwaka 2006, na New South Wales huko Australia mwaka 2021. Hiyo ya Australia yamruhusu askari au muuguzi aombe mtu aliyemtia damu au mate kwa kusudi alazimishwe kupimwa Ukimwi na homa ya ini ya B na C. Akikataa amri, ametenda kosa. Hapa kwetu Kenya, sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 yakataza kumlazimisha mtu kupimwa, isipokuwa aliyeshitakiwa kwa makosa ya kingono.

Waliotunga sheria zile za ng'ambo hawakukusudia uovu. Mwenye kuhudumia watu ana haki ya kulindwa, na madhara yapasa kuondolewa. Lakini wanavyuoni wetu wa Kishafii, kama Imamu Suyuti katika Al-Ashbah wan-Nadhair, wameeleza kuwa madhara hayaondolewi kwa madhara mengine. Kumchoma mtu sindano hali hataki ni madhara. Kuitoa siri ya mwili wake ni madhara makubwa zaidi, na Suratul Hujurat imetukataza kupelelezana. Hayo hayahalaliki ila kwa dharura, na dharura ina sharti: lipatikane kwayo lile linalotafutwa. Basi je, kipimo hicho chamkinga aliyedhurika?

Madaktari watwambia sivyo. Aliyeambukizwa Ukimwi karibuni huweza kupimwa na kisionekane kitu kwa majuma kadhaa. Basi jawabu la "hana" si amani. Sindano yenye damu ya mwenye virusi huambukiza kwa kadiri ya watu 3 katika 1,000 waliochomwa, na mate yaliyoangukia ngozi nzima hayaambukizi Ukimwi. Dawa ya kinga yatakiwa ianzwe kabla ya kupita saa 72, na kila ikiwahi ni bora, kisha itumiwe siku 28. Mwenye kungoja amri iandikwe, askari watumwe, na maabara ijibu, huenda saa zikampita akiwa na karatasi mkononi. Ama homa ya ini ya B, ambayo huambukiza kwa wepesi kuliko Ukimwi, ina chanjo. Na mkubwa wa kazi asiyewachanja watu wake kisha akadai damu za wagonjwa, ameacha wajibu wake akashika haki ya mwenziwe.

Hata hivyo tusifahamiwe vibaya. Anayejua kuwa ana maradhi, na damu yake ikamwingia mwenziwe, yampasa aseme papo hapo. Kunyamaza ni khiana, hata kama hakuna mahakama itakayomshika. Na asiyeijua hali yake, akiombwa kwa adabu na akaahidiwa sitara, haimpendezei kukataa. Tulitakalo ni ombi, si pingu.

Wako na waosha maiti wetu, ambao ni nadra kukumbukwa zinapotajwa kazi za hatari. Wengine huogopa kumwosha maiti kwa dhana tu ya Ukimwi. Vitabu vya fiqhi vyamtaka mwoshaji aviringe kitambaa mkononi anaposafisha tupu ya maiti, na ayafiche mabaya ayaonayo. Leo glavu zasimama mahali pa kitambaa kile, kwa kila maiti, bila kuuliza alikufa na nini. Na kule kuficha kwampasa vile vile mwenye kupima damu. Jamaa wanunuao sanda za misikiti na waweke glavu pamoja nazo, na waoshaji wakachanjwe homa ya ini. Wallahu aalam.