Kupanda Mawaridi kwa Mbegu

Watu wengi wapandao mawaridi hutumia vijiti vilivyokatwa katika mti wa zamani. Njia hiyo ni nzuri, kwa kuwa mti mpya hufanana kabisa na mama yake. Mashamba makubwa ya Naivasha, yauzayo maua ng'ambo, nayo hayategemei mbegu, kwani mnunuzi hutaka kila ua liwe sawa na lingine. Lakini mtu atakaye waridi jipya, lisilopata kuonekana popote, hana budi kuanza na mbegu.

Mbegu imfaayo anayeanza ni ya waridi la porini liitwalo Rosa rugosa. Asili yake ni pwani za Japani, Korea na kaskazini ya Uchina, ambako huota mchangani karibu na bahari. Ni kichaka chenye miiba mingi, kivumiliacho baridi kali na upepo wa chumvi, na maua yake hunukia sana. Maua yakiisha, huzaa matunda mekundu yenye mbegu ndani.

Matunda yakiiva huchumwa na kupasuliwa, na mbegu huoshwa mpaka nyama yote iondoke. Yafaa kujihadhari na nywele nyembamba zilizomo, kwa maana huwasha mwili.

Mbegu hizo zikipandwa papo hapo, kwa kawaida hazioti. Katika nchi za asili yake matunda huiva kabla ya majira ya baridi, na mche ambao ungeota wakati huo ungekufa. Kwa hiyo mbegu hulala mpaka baridi ipite. Mahali pasipo na majira hayo, kama Kenya, friji hufanya kazi hiyo. Mbegu hutiwa katika mchanga wenye unyevu kidogo, ndani ya kopo lenye kifuniko, na kuwekwa penye joto la digrii 4 hivi kwa muda wa miezi 3. Zisiachwe zikaganda. Kila juma zitazamwe, na zilizooza zitupwe.

Kisha hupandwa katika udongo mwepesi, kwenda chini kiasi cha sentimita 1. Nyingine huota baada ya majuma machache, nyingine hungoja hata mwaka wa pili. Basi udongo usimwagwe upesi.

Faida ya subira hiyo ilionekana huko Kanada, ambako baridi huua mawaridi mengi. Mwaka 1961 mtaalamu wa serikali, Bi. Felicitas Svejda, alianza kazi ya kutafuta mawaridi ya kustahimili hali hiyo. Alitumia mbegu za waridi jeupe la ukoo wa rugosa, liitwalo Schneezwerg. Mche mmoja ukatoa maua ya rangi ya waridi hafifu, yenye harufu nzuri. Mwaka 1968 ulitolewa kwa watu kwa jina la Martin Frobisher. Mama alikuwa mweupe, mtoto akawa na rangi yake mwenyewe.

Hata hivyo, si kila mche utakuwa hivyo. Mingi huwa dhaifu, au maua yake hayana sifa. Mpandaji mwenye busara huipa yote nafasi ya kuchanua, mara nyingi katika mwaka wa 2 au wa 3. Kisha huubakiza ule ulio na afya na harufu, na mingine huing'oa bila huruma. Uliobaki huzidishwa kwa vijiti, ili majirani nao waupate.