Kuvu Moja, Vipimo Vitatu: Egoti katika Tiba ya Kiantroposofia na katika Wodi ya Wazazi

Malengo ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji anatarajiwa aweze kueleza egoti ni nini na hudhuru mwili kwa njia gani. Kutofautisha egoti kama sumu, kama dawa ya hospitali na kama dawa iliyozimuliwa ya kiantroposofia. Na kumwongoza mgonjwa atumiaye dawa za namna hii bila ya kumdharau wala kumwacha katika hatari.

Utangulizi

Katika baadhi ya kliniki za Uswisi na Ujerumani, mgonjwa ambaye miguu yake haipati damu ya kutosha, au mwanamke atokwaye na damu nyingi katika mfuko wa uzazi, anaweza kuandikiwa matone au vijidonge vya sukari vyenye jina Secale cornutum. Katika wodi ya wazazi ya Dar es Salaam, Mombasa au Kigali, mama atokwaye na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kuchomwa sindano ya egometrini. Dawa hizi mbili zina asili moja: kuvu iotayo juu ya masuke ya nafaka. Kwa sababu hiyo wako watu wanaodhani kwamba ni dawa moja yenye sura mbili, na kwamba ile ya matone ni namna ya upole zaidi ya ile ya sindano. Dhana hiyo si sahihi, na pale damu inapomwagika yaweza kugharimu maisha.

Kuvu yenyewe

Egoti, ambayo kwa jina la kisayansi ni Claviceps purpurea, hushambulia hasa rai, nafaka ya nchi za baridi iliyo jamaa ya ngano. Vijimbegu vya kuvu huingia katika ua la rai wakati linapochanua, na kuvu hukaa mahali ambapo punje ingepaswa kukua. Kwanza hutoka utomvu mtamu unaowavutia wadudu, nao hueneza maambukizi kwenye masuke mengine. Baadaye, badala ya punje, hutokea kipande kigumu chenye rangi ya zambarau iliyoiva hadi kukaribia weusi, kilichopinda kidogo mfano wa pembe. Ndiyo maana jina lake la Kilatini katika maduka ya dawa ni Secale cornutum, yaani rai yenye pembe.

Ndani ya pembe hiyo zimo kemikali ziitwazo alkaloidi, zikiwamo egotamini na egometrini. Hizi hushikamana na vipokezi katika misuli laini ya mwili. Mishipa ya damu hubana, na mfuko wa uzazi hukaza. Matendo haya mawili ndiyo chanzo cha madhara mengi ya egoti na cha manufaa yake pia.

Kipimo cha kwanza: sumu

Katika Ulaya ya kale, watu waliokula mkate wa rai iliyochafuliwa na egoti walipatwa na maradhi yaliyoitwa moto wa Mtakatifu Anthony. Wengine walipata degedege na kuchanganyikiwa. Wengine walihisi miguu na mikono ikiungua kama iliyotiwa motoni, ilhali kwa kuguswa ilikuwa baridi. Kisha viungo hivyo vilikauka, vikawa vyeusi na kukatika. Huko Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 11, lilianzishwa shirika la watawa wa Mtakatifu Anthony lililojulikana kwa kuwahudumia wagonjwa hao.

Maradhi haya hayakuishia katika historia ya Ulaya. Nchini Ethiopia yalizuka katika eneo la Wollo mwaka 1978, na tena katika eneo la Arsi mwaka 2001, baada ya watu kula nafaka iliyochafuliwa na egoti. Miongoni mwa waathirika walikuwamo waliopoteza viungo.

Kipimo cha pili: dawa ya hospitali

Wakunga wa Ulaya waliitumia egoti kuharakisha uzazi tangu zamani. Maelezo ya matumizi hayo yamo katika maandishi ya Adam Lonicer, daktari wa Ujerumani, ya mwaka 1582. Mwaka 1808 daktari John Stearns wa Marekani aliwaeleza wenzake juu ya unga wa egoti unaokaza mfuko wa uzazi kwa nguvu. Matumizi yalienea haraka, na maafa yakafuata. Kiasi cha alkaloidi hutofautiana kati ya pembe moja na nyingine, na mfuko wa uzazi uliokaza bila kulegea ulimnyima mtoto hewa au ukapasuka. Katika miaka ya 1820, daktari David Hosack wa New York alionya kwamba unga ulioitwa wa kuzalisha ulistahili kuitwa wa kuua, akashauri utumike tu kuzuia damu baada ya mtoto kuzaliwa. Kanuni hiyo ingali hai: egometrini haitolewi kabla ya mtoto kutoka.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuzitenga kemikali zenyewe ili kipimo kijulikane. Mwaka 1918 Arthur Stoll, akiwa katika kampuni ya Sandoz mjini Basel, alitenga egotamini, ambayo baadaye ilitumika kutibu kipandauso. Mwaka 1935 John Chassar Moir na Harold Dudley wa Uingereza walitangaza kuitenga egometrini. Tangu hapo mkunga hakuhitaji tena kukisia nguvu ya unga. Dozi ya kawaida ya egometrini kwa sindano ya msuli ni mikrogramu 200, na tendo lake huonekana katika muda wa dakika chache.

Kipimo cha tatu: dawa iliyozimuliwa

Tiba ya kiantroposofia ilianzishwa na Rudolf Steiner, mwanafalsafa aliyezaliwa katika Dola ya Austria, pamoja na daktari Ita Wegman. Steiner alitoa mihadhara kwa madaktari mjini Dornach, Uswisi, mwaka 1920. Wegman alifungua kliniki Arlesheim mwaka 1921. Na kitabu chao cha pamoja kilitoka mwaka 1925, mwaka aliofariki Steiner. Tiba hii haikukusudiwa kuchukua nafasi ya utabibu wa kisayansi bali kuupanua, na waitoao kwa kawaida ni madaktari waliosomea utabibu wa vyuo vikuu kwanza. Hospitali ya Herdecke nchini Ujerumani, iliyofunguliwa mwaka 1969, ni mojawapo ya hospitali kubwa zinazofuata mkondo huu.

Kwa mujibu wa mafundisho hayo, binadamu ana sehemu nne: mwili wa maumbile, mwili wa uhai, mwili wa hisia, na nafsi inayojitambua. Ugonjwa huelezwa kuwa ni kuvurugika kwa uwiano wa sehemu hizo. Mmea wenye sumu hufahamika kuwa umeingiliwa mno na nguvu za hisia ambazo kwa kawaida ni za mnyama. Dawa huchaguliwa kwa kulinganisha tabia ya kiumbe cha asili na hali ya mgonjwa, na nyingi huzimuliwa kwa taratibu zinazofanana na za homeopathia. Waswahili husema dawa ya moto ni moto. Vivyo hivyo kuvu iliyofanya viungo viungue na kuwa baridi huteuliwa, ikiwa imezimuliwa sana, kwa mtu mwenye viungo baridi vinavyouma kama moto. Lakini mfanano ni njia ya kuteua dawa tu. Kama dawa iliyoteuliwa inaponya au haiponyi ni jambo la kupimwa peke yake.

Hesabu ya kuzimua

Herufi D na tarakimu kwenye chupa huonyesha dawa imezimuliwa mara ngapi. D1 ni sehemu moja ya dawa asilia katika sehemu 10. D3 ni sehemu moja katika 1,000. D6 ni sehemu moja katika 1,000,000. Kila hatua huandamana na kutikisa au kusaga.

Gramu moja ya D6 ina mikrogramu moja tu ya egoti. Hata ikichukuliwa kwamba asilimia 1 ya egoti hiyo ni alkaloidi, ambacho ni kiwango cha juu, gramu hiyo itakuwa na mikrogramu 0.01 za alkaloidi zote kwa jumla. Ili kufikia mikrogramu 200 za sindano moja ya egometrini, ingehitajika kilo 20 za dawa ya D6. Katika D30, uwezekano wa kuipata hata molekuli moja ya egoti katika chupa nzima ni kama haupo. Kwa upande wa pili, D1 au unga ambao haukuzimuliwa una kiasi cha alkaloidi kinachoweza kubana mishipa na kukaza mfuko wa uzazi. Basi tarakimu ndogo ni ya kuogopwa kwa sumu yake. Tarakimu kubwa hutakiwa tahadhari ya namna nyingine, kwa sababu haiwezi kufanya kazi ya sindano.

Sheria na ushahidi

Sheria ya dawa ya Ujerumani ya mwaka 1976 ilizitambua tiba za mitishamba, homeopathia na antroposofia kuwa mikondo maalumu, na dawa za kiantroposofia hupimwa na kamati ya wataalamu wa mkondo huo wenyewe. Nchini Uswisi wananchi walipiga kura mwaka 2009 kuunga mkono tiba mbadala, na tangu mwaka 2017 tiba ya kiantroposofia itolewayo na daktari imewekwa moja kwa moja katika bima ya lazima ya afya.

Mgonjwa anaweza kuuliza: ikiwa serikali imeisajili na bima inailipa, si ithibati hiyo kwamba inatibu? Jibu ni kwamba usajili wa namna hii hueleza dawa imetengenezwa vipi na mapokeo yake yanasema nini. Hautokani na majaribio yaliyolinganisha wagonjwa waliopewa na wasiopewa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu kutoka damu baada ya kujifungua haina egoti iliyozimuliwa. Ina oksitosini, egometrini, misoprostoli na kabetosini isiyoharibiwa na joto, kwa sababu hizo zimejaribiwa kwa akina mama wengi na matokeo yakahesabiwa.

Ni haki pia kusema kwamba wagonjwa wengi hutoka kwa daktari wa kiantroposofia wakiwa wametulia, maana amewasikiliza kwa muda mrefu na wameuguzwa kwa upole. Mema hayo ni ya kweli na yanafaa kuigwa katika kila zahanati. Hata hivyo hayatoki katika kuvu.

Mambo ya kuzingatia kazini

Mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, dakika ndizo zinazoamua. Huitwa msaada, mfuko wa uzazi hukandwa, oksitosini hutolewa, kondo la nyuma na michubuko huchunguzwa, maji huongezwa kwa mshipa, na asidi traneksamiki hutolewa ndani ya saa tatu tangu kujifungua. Egometrini haipewi mwenye shinikizo la juu la damu, dalili za kifafa cha mimba au ugonjwa wa moyo. Hutunzwa katika nyuzi joto 2 hadi 8, mbali na mwanga. Ampuli iliyobadilika rangi haitumiki.

Jambo la pili laihusu dawa ya kipandauso. Egotamini huvunjwavunjwa na kimeng'enya cha ini ambacho ritonaviri hukizuia. Mgonjwa anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye ritonaviri, akimeza egotamini ya kawaida, anaweza kupata ubanaji mkali wa mishipa na kupoteza kidole au mguu. Klarithromisini, erithromisini, ketokonazoli na itrakonazoli huleta hatari kama hiyo. Ganzi, ubaridi, weupe wa vidole na mapigo yasiyosikika mguuni ni dalili za dharura.

Kwa mgonjwa na familia

Msomaji aliyeko Ujerumani au Uswisi, au aliyeletewa dawa na ndugu aliyeko huko, aionyeshe chupa yenyewe kwa daktari au mfamasia. Mambo manne yatazamwe: jina la kiasili, tarakimu baada ya herufi D, dawa nyingine anazotumia, na iwapo ni mjamzito. Mjamzito asitumie egoti ya aina yoyote bila ya ushauri wa daktari wake. Mwenye kisukari au mvutaji wa sigara ambaye mguu wake umekuwa baridi, unauma hata akipumzika au una kidonda kisichopona, asingoje matone yafanye kazi. Mguu huo wahitaji kupimwa mtiririko wa damu mapema, kabla haujafikia kukatwa.

Mhudumu naye asimkemee mgonjwa. Mgonjwa aliyekemewa huificha chupa, na chupa iliyofichwa haiwezi kuchunguzwa.

Hitimisho

Egoti imeua, imeokoa, na katika hali ya kuzimuliwa sana imekaa kimya. Tofauti imo katika kiasi kinachoingia mwilini na katika ushahidi uliokusanywa juu ya kiasi hicho. Kila atakapokutana na dawa iliyotokana na viumbe vya asili, mhudumu aulize: ni kiasi gani, kimepimwa kwa nani, na ni tiba gani iliyothibitishwa ambayo mgonjwa ataikosa akiitegemea hii?

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini unga wa egoti wa karne ya 19 ulikuwa wa hatari kuliko egometrini ya ampuli?
2. Gramu moja ya D3 ina mikrogramu ngapi za egoti?
3. Mama mwenye shinikizo la juu la damu anatokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Ni dawa gani isitolewe, na kwa nini?
4. Mgonjwa anayetumia ritonaviri anaomba dawa ya kipandauso. Ni swali gani la kwanza la kumuuliza?