Muhuri wa Mpakani Nao ni Ahadi

 

Ndugu zangu, darsa hii naianza kwa kosa langu mwenyewe. Nilipoingia Uganda kwa mara ya kwanza kupitia Malaba, afisa aliniuliza nimekuja kufanya nini. Barua ya chuo ilikuwa mkobani, nami nikajibu, "Natembea tu." Kaka zetu waliotangulia walikuwa wameniambia hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda haraka. Akapiga muhuri wa mgeni, nikapita, na kwenye basi nikaona nimekuwa mjanja.

Mwaka wa pili tulisoma mlango wa amani katika fiqhi. Amani, kwa istilahi ya mafakihi, ni ile ruhusa ya kuingia katika nchi ya watu wengine na kukaa humo salama, na aliyepewa huitwa mustaamin. Wengi wetu tunadhani mlango huu unamhusu asiye Muislamu anayekuja kwetu. La. Imamu Shafii katika Al-Umm, na Ibn Qudama katika Al-Mughni, wamezungumzia pia Muislamu anayeingia nchi ya wasio Waislamu kwa amani yao. Hukumu yao ni kwamba haifai kuwafanyia hiyana, kwa sababu wamempa amani kwa sharti la kutowahini, hata kama sharti hilo halikutamkwa, maana linafahamika. Na wao walikuwa wanaandika juu ya nchi zilizokuwa vitani na Waislamu! Sisi tumekuja kusoma kwa jirani, tunasalia msikiti wa Kibuli bila kuulizwa na mtu.

Nilipomweleza rafiki yangu, alinijibu jibu ambalo nadhani umelisikia: "Hiyo ni sheria ya watu, si ya Mungu." Nikamsimulia kisa cha Hudhayfa bin al-Yaman (r.a.), kilichomo katika Sahihi Muslim. Yeye na baba yake walikamatwa njiani na Maquraishi kabla ya Badr. Wakaachiwa baada ya kutoa ahadi kwamba watakwenda Madina na hawatapigana upande wa Mtume (s.a.w.). Walipomfikia wakamweleza. Waislamu siku ile walikuwa mia tatu na kidogo, na adui wakikaribia elfu moja, kila mkono ulihitajika. Pamoja na hayo Mtume aliwaamuru watimize ahadi yao, wasishiriki vita. Ahadi iliyochukuliwa na washirikina, tena kwa kukamatwa, iliheshimiwa. Basi yangu mimi, niliyoitoa kwa hiari yangu dirishani, nitasema haina uzito? Aya ya kwanza ya Suratul Maida inaamrisha kutimiza mikataba, na aya ya 34 ya Suratul Israa inasema ahadi itaulizwa. Sijaona katika aya hizo kwamba mikataba na wageni wa dini imetolewa.

Rafiki yangu hakukubali mara moja. Aliuliza, je, wakituamuru haramu? Swali zuri, na jibu lake liko Uhabeshi. Mwaka wa 5 tangu Mtume kupewa utume, masahaba walianza kuhamia kwa Najashi, mfalme Mkristo. Ja'far bin Abi Talib (r.a.) alikaa huko zaidi ya miaka 10, hadi aliporejea wakati wa Khaybar, mwaka wa 7 wa Hijra. Katika muda huo wote walikaa kwa utulivu chini ya utawala wa mfalme. Lakini Ja'far alipoingia barazani hakumsujudia, na alipoulizwa juu ya Isa (a.s.) alisema lile analoliamini, huku wajumbe wa Maquraishi wakingoja ateleze. Yaani walitii ya nchi, na ya ibada wakayabakisha kwa Allah.

Buganda nayo ina mfano wake. Katika miaka ya 1870 vijana Waislamu waliomtumikia Kabaka Mutesa I waliuawa Namugongo kwa kukataa kumfuata katika mambo ya dini, ikiwemo kula nyama wasiyoiona halali. Hawakuukataa utumishi wa nchi yao.

Hapo ndipo linapoingia suala la kupiga magoti. Dada mmoja kutoka Mombasa aliniuliza akiwa na wasiwasi kweli: mama mwenye nyumba wake anatarajia wasichana wapige magoti wanapomsalimia, naye anaogopa shirki. Mimi naona hivi. Kupiga magoti kwa Waganda ni adabu kwa mkubwa, mwili umenyooka, si rukuu wala sijida, wala hakuna anayekusudia ibada. Waislamu wa Buganda, ambao Uislamu uliwafikia katika miaka ya 1840 zama za Kabaka Suuna, wanafanya hivyo hadi leo majumbani mwao. Kuinama kama rukuu ndiko kulikokatazwa katika hadithi ya Anas kwa Tirmidhi. Asiyetulia moyo na achuchumae au akae chini ndipo asalimie, mama ataelewa. Ila kusimama wima juu ya mtu mzima na kusema "hii si mila yetu" hakulindi tauhidi, ni ukosefu wa adabu tu. (Sisi wa pwani tuna tabia ya kudhani ustaarabu uliishia kwetu.)

Mafakihi wana kanuni kwamba ada ina nguvu ya kuhukumu, na kwamba lililozoeleka ni kama lililoshurutishwa. Usichukulie ni nadharia. Ukipanda bodaboda Kampala bila kutaja bei, umekubali bei inayojulikana ya njia ile. Kufika hosteli ndipo uanze kuvutana kwa sababu kwenu ni nafuu ni kula haki ya mtu. Ukitaka kuvutana, vuta kabla ya kupanda.

Tunarudi kwenye muhuri. Muhula uliopita nilikwenda ofisi ya uhamiaji na barua yangu ya chuo, nikasema kwamba mpakani sikusema kweli. Afisa alinitazama kwa muda, akanikaripia, kisha akaniorodheshea karatasi za kuleta kwa ajili ya kibali cha mwanafunzi. Nilirudi mara tatu. Mara ya pili rafiki yangu alinisindikiza, akidai anakuja kunisaidia kushika foleni. Tulipofika dirishani akatoa barua yake mwenyewe.