Somo: Namna ya Kukosoa Kazi ya Mwenzako, na Namna ya Kukubali Kukosolewa



Katika masomo yaliyopita tulizoea kuongea juu ya mikutano ya upatanisho, mashamba na visima. Leo tunawaletea habari ya kipande cha kartoni. Mtatuwia radhi tukianza na kisa, maana somo lenyewe tulilipata humo, tena kwa aibu kidogo.

Mwaka 2023 tulianzisha kikundi cha uchoraji katika kambi moja ya wakimbizi wa ndani, upande wa magharibi ya Goma. Vijana walikuwa 14, wengine wametoka Masisi, wengine Rutshuru, na lugha zao za nyumbani si moja. Karatasi hazikutosha, basi tulichora juu ya kartoni za maboksi ya misaada, kwa makala na biki. Kila Alhamisi picha zilipangwa ukutani, na mtu yeyote wa kambi aliruhusiwa kuingia kutazama.

Siku moja kijana mmoja alileta picha ya usiku. Nyumba mbili zinawaka moto nyuma. Mbele, wanawake wanatembea na magodoro kichwani. Kando yao kuna ng'ombe watatu, na nyuma ya ng'ombe mwanaume amebeba kitu cheusi kirefu begani. Kabla hatujasema neno, mzee mmoja alisimama akasema: «Picha hii inasema sisi wafugaji ndio tuliochoma.» Mama mmoja akamjibu kwamba anayejitambua ajitambue tu. Ndani ya dakika tano watu walikuwa wanatajana makabila, na mtu akaivuta kartoni ikapasuka. Tulifunga mlango. Ilikuwa nusura vijana wa nje nao waingie.

Usiku ule tulijiuliza tulikosea wapi. Jibu halikuwa mbali. Kwa miezi mitatu hatukuwahi kuwafundisha watu hawa namna ya kuongea juu ya picha. Sisi wenyewe tulikuwa na neno moja tu: «Nzuri sana, pongezi!» Picha ikiwa nzuri, pongezi, ikiwa mbaya, pongezi. Tulidhani huo ndio upole kwa watu waliopoteza mali na ndugu. Lakini binti mmoja wa kikundi alikuwa ametuuliza zamani kidogo: «Yaya, kama zote ni nzuri, kwa nini mlichagua mbili tu kuzipeleka mjini kwenye maonyesho?» Tulicheka na kupita. Swali lake lilikuwa la haki. Kumsifu mtu kwa kila kitu ni kumwambia kwamba hukutazama kazi yake. Na watu wasipozoea kusikia maneno madogo ya ukweli, siku neno kubwa likitokea wanalipokea kama jiwe.

Njia tuliyoichukua baada ya hapo hatukuibuni sisi. Ilianzishwa mwaka 1990 na Liz Lerman, mama wa Marekani anayetunga na kufundisha dansi, na leo inatumika na wachoraji, watu wa tamthilia na hata walimu katika nchi nyingi. Ina watu wa aina tatu: mwenye kazi, watazamaji, na mwongozaji wa kikao. Ina hatua nne, na ufuatano wake ndio nguvu yake. Kwanza, watazamaji wanasema kilichowagusa, walichokiona, walichokikumbuka. Si hukumu, ni ushuhuda tu. Pili, mwenye kazi ndiye anayeuliza: «Je, mnaona kwamba ni usiku?» «Huyu mtoto anaonekana?» Tatu, watazamaji wanamuuliza yeye, lakini kwa maswali yasiyo na sumu ndani. Nne, na hapo tu, mtu mwenye maoni anaomba ruhusa: «Nina maoni juu ya rangi ya moto. Unapenda kuyasikia?» Mwenye kazi anaweza kusema ndiyo. Anaweza pia kusema hapana, na hapana yake inaheshimiwa.

Hatua ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, basi tukae hapo kidogo. Watu wengi tunafikiri tunauliza kumbe tunapiga. «Kwa nini umechora ng'ombe vibaya hivi?» lina alama ya swali mwishoni, lakini ni kofi. «Kwa nini ulimweka mwanaume yule?» nalo, katika nchi yenye vita, ni mashtaka. Swali safi ni lile ambalo wewe mwenyewe hujui jibu lake na unataka kulijua: «Ulipoweka ng'ombe karibu na wanawake, ulikuwa unafikiri nini?» Tulifanya mazoezi ya maswali haya kwa Alhamisi mbili nzima, tukitumia picha ya chukudu ambayo haikumuudhi mtu. Papa mmoja aliyefanya kazi ya chukudu miaka mingi aliona mara moja kwamba mchoraji alimsimamisha dereva kama mtu wa baiskeli. Alitaka kusema: «Huyu hajui kitu.» Mwongozaji akamzuia. Akakaa, akafikiri, akauliza: «Mtoto wangu, ulipomchora, goti lake liko wapi?» Mchoraji akatazama, akajicheka mwenyewe. Hakuna mtu aliyefedheheshwa, na chukudu ikapata goti.

Ndipo tukairudia ile picha iliyopasuka. Kijana aliichora upya, na tulimwomba yule mzee arudi. Alikuja, ingawa alikaa karibu na mlango.

Katika hatua ya kwanza mama mmoja alisema: «Ninaona godoro lililokunjwa. Mimi nilimfunga mtoto ndani ya godoro ili mvua isimnyeshe.» Chumba kilinyamaza. Mzee, zamu yake ilipofika, alisema: «Ninaona ng'ombe. Ninaona mtu mwenye bunduki.» Hakuongeza neno. Kijana alishtuka. Katika hatua ya pili aliuliza watu wote: «Ni nani mwingine anaona bunduki?» Karibu mikono yote ilinyanyuka. Akasema hiyo ni fimbo. Ng'ombe ni wa babu yake, na mtu anayewaswaga ni mjomba wake. Walikimbia pamoja na ng'ombe wale mpaka njiani, na huko waliwapoteza. Familia yake yeye ilikuwa na ng'ombe! Hakuna aliyelijua hilo, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Basi kosa lilikuwa la mkono. Fimbo ilichorwa nene mno, ikawekwa begani kama askari anavyobeba silaha. Makala yakafanya mengine. Hapo mzee akaomba ruhusa ya hatua ya nne: «Nina maoni juu ya fimbo. Unapenda kuyasikia?» Kijana akakubali. Mzee akasimama, akachukua fimbo yake mwenyewe, akaiweka nyuma ya shingo, juu ya mabega yote mawili, akaining'iniza mikono yake juu yake, huku na huku. «Mchungaji aliyechoka anatembea hivi,» akasema. Wale waliochunga wakiwa watoto wakaanza kucheka, maana ndivyo ilivyo. Kijana aliichora palepale, na mzee akimsimamia mbele kama sanamu.

Hatutaki kuwadanganya kwamba siku hiyo mambo yote yalikwisha. Mzee alikuwa na maoni ya pili: aliomba nyumba zinazowaka ziondolewe, kwa sababu zinaamsha hasira. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akasema nyumba zinabaki, kwa sababu zilichomwa. Mzee hakufurahi. Alikwenda zake kabla ya chai. Lakini alikwenda akiwa amesikilizwa, na Alhamisi iliyofuata alirudi. Kwetu hilo ni jambo kubwa kuliko kama angekubali kwa mdomo tu.

Sasa tuongee na upande wa yule anayekosolewa, maana mara nyingi tunamsahau. Ni vigumu kukaa kimya watu wakisema walichokiona katika kazi yako. Moyo unataka kujibu: «Hapana, hamkuelewa.» Kama hawakuelewa, hiyo ndiyo habari uliyokuja kuitafuta. Tunawashauri wachoraji wetu wawe na biki na kikaratasi, waandike kila neno bila kulijibu, hata lile la kijinga, kisha walale nalo. Kesho yake, neno la chuki linakuwa limepoteza ukali, na neno la maana linabaki. Usibadilishe kila kitu walichosema. Ukifanya hivyo picha itakuwa ya watu 14 na haitakuwa ya mtu yeyote. Chagua.

Katika nchi yetu tunayo mifano ya kazi ya namna hii. Lubumbashi, wakati huo ikiitwa Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji mwaka 1946, nayo ilijulikana kwa jina la Le Hangar. Hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Ndiyo sababu ndani ya karakana moja Bela alichora kwa vidole vyake, Mwenze Kibwanga kwa mistari mifupi mifupi, na Pilipili Mulongoy alijulikana kwa ndege, samaki na wanyama. Tungeweza kubishana naye juu ya mambo mengine, lakini katika hili alikuwa na haki: usimkosoe mwenzako ili mkono wake ufanane na wako.

Mfano wa pili ni wa miaka ya 1970, katika mji huohuo. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi, picha baada ya picha, karibu 100. Mtaalamu Johannes Fabian alirekodi maelezo yake kwa Kiswahili na mazungumzo yao juu ya picha hizo, na mwaka 1996 yakatoka katika kitabu. Mchoraji anaeleza, mgeni anauliza, mchoraji anajibu. Msomi wa chuo kikuu amekaa akimsikiliza mtu aliyekuwa anauza picha zake ili apate kula. Viongozi wetu waliotazame jambo hilo vizuri.

Na kwenu viongozi tuna neno la pekee. Rais wa kambi, mchungaji, chifu, na sisi watu wa mashirika, akiongea wa kwanza, kikao kimekwisha. Wengine wote watarudia maneno yake. Sisi tuliweka sheria kwamba mwenye cheo anaongea wa mwisho, na afisa wa shirika baada yake. Mwanzoni ilionekana kama dharau. Rais mmoja alituuliza kama tunataka kumwondoa. Tulimweleza mbele ya kamati yake, na baada ya vikao vichache alikiri kwamba alisikia mambo ambayo hakuna mtu aliyewahi kumletea ofisini.

Kuna picha ambayo njia hii haiihusu kabisa: ile ya mtoto aliyechora ili aondoe hofu. Mtoto akichora askari wasio na macho, usimuulize goti liko wapi. Usiitundike ukutani bila ruhusa yake na ya mzazi wake. Kaa naye tu, umwache aongee akitaka.

Tangu kambi za pembeni mwa Goma zilipovunjwa Februari 2025, kikundi chetu kimetawanyika. Wengine wamerudi Masisi, wengine Rutshuru, wengine wanaishi katika familia zilizowapokea mjini. Wanaendelea kutumiana picha kwa simu, mtu akipata mega. Hapo tumejifunza mambo mapya kidogo. Maneno matatu ya kuandikwa hayana uso. «Fimbo ni mbaya» likisomwa na mtu mwenye njaa saa tano ya usiku linaweza kuvunja urafiki. Kwa hiyo wamekubaliana: anayekosoa atume ujumbe wa sauti, aanze na anachokiona, na aombe ruhusa kama zamani. Mtu akiona hasira inapanda, anasubiri asubuhi. Pia hawatumi picha inayoonyesha sura ya mtu anayejulikana au jina la kijiji, kwa sababu simu inaweza kushikwa na mtu yeyote njiani.

Kwa kujadiliana katika kikundi chenu

Chukueni picha, wimbo au mchezo mmoja uliotengenezwa na mtu wa kikundi. Mwongozaji awe mtu ambaye si kiongozi wa kamati. Fuateni hatua nne, na kila mtu anayeruka hatua arudishwe kwa upole, hata akiwa ni mzee. Baadaye jadilianeni: Ni swali gani lilikuwa kofi lililovaa nguo ya swali? Je, mwenye kazi alipata nafasi ya kusema hapana? Sisi tungekuwa mahali pa yule kijana, nyumba zinazowaka tungeziacha au tungeziondoa? Kwa swali hili la mwisho, kikundi chetu wenyewe hakijakubaliana mpaka leo.